Pulovere za Zambarau

Mimi si mutu wa kushangazwa na kitu. Nimeona volkano ikishuka na kukata muji katikati, ikala nyumba ya jirani na kuacha choo chake kimesimama. Nimeona feza zikibadilishwa sura na jina, nimeona serikali zikiingia na nyimbo na kutoka bila viatu. Kila mara nilikuwa hapahapa Goma, na kila mara nilibaki na kitu mukononi. Shule niliiacha mwaka wa ine wa primeri, baba alipokufa. Nikaanza kusukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, nikiteremusha makala ya kupikia na kabichi kutoka Kibati mpaka sokoni. Leo nina depo ya nguo za baloti Birere na nyumba ya matofali Murara. Hakuna aliyenishika mukono. Wenye diplome wanakuja kuniomba kazi, na ninawapokea vizuri, ninawapatia kiti.

Kwa asiyejua: baloti ni furushi kubwa la nguo za Ulaya, limekazwa na mashine na kufungwa mikanda. Unalinunua likiwa limefungwa, hairuhusiwi kuchungulia. Wenzangu wanasali kabla ya kukata mikanda. Mimi ninalipiga kofi, ninasikia sauti yake, ninakuambia kama ndani ni jinzi ao ni mashati. Na siri ya kazi yetu ni moja: hakuna nguo mbili zinazofanana. Mwanamuke wa hapa akikutana na robe kama yake kwenye ndoa ya watu, anarudi nyumbani kubadilisha. Wanaume ni vilevile, hawakubali tu kusema.

Baloti moja ndiyo ilinidanganya. Nilipiga kofi nikasikia majaketi. Nilipokata mikanda zikatoka pulovere, na chini ya pulovere pulovere zingine, zote mupya, zote za zambarau, zote na mustari mupana wa njano kifuani. Sijui zilishonewa kiwanda gani ao shule gani huko kwa wazungu. Fundi wangu, yule anayeweka mashine yake ya kushona kwenye baraza ya depo yangu na kupunguza suruali za wateja, alicheka mpaka akashikilia meza.

"Patroni, leo umenunua kwaya muzima."

"Na kwaya ndiyo itanunua," nikamujibu. "Wewe cheka."

Kweli nilimuita mwalimu wa kwaya ya parokia yetu. Alikuja, akashika kitambaa, akajipimia kwenye bega, akairudisha polepole kama mutu anayerudisha mutoto wa wenyewe.

"Papa, zambarau ni ya Kwaresima na Majilio. Siku zingine tuimbe uchi?"

Fundi alicheka tena. Ni mutu wa upande wa Bukavu, mukatoliki kweli, anashona hata vitambaa vya altare, lakini mudomo wake hauna breki. Tulijaribu kuondoa ule mustari wa njano kwenye pulovere moja. Aliufumua, nyuzi zikafunguka, likabaki shimo la kuingiza ngumi. Nikamuambia aizibe na aivae yeye. Aliiziba vizuri sana, na akaivaa. Asubuhi za mvua ungemujua toka mbali. Zile zingine nilizipanga karibu na mulango, rundo la kufika kifuani, na zikakaa pale zikinitazama.

Siku hizi kila mutu Goma ana hadithi yake ya siku muji ulipoanguka. Muke wa fundi anasimulia kama walilala chini ya godoro Murara na risasi ikapenya bati ikaingia ndani ya sufuria ya maharagi. "Tuliyakula hivyohivyo," anasema, "tunatafuta risasi na meno, kama vile mutu anatafuta jiwe." Mimi pia ninasimulia yangu. Nimeisimulia kwenye ndoa, kwenye kilio, kwenye nganda, ndiyo baa zetu, na watu wananinunulia bia. Lakini ninasimulia nusu. Nusu ile ingine sijamuambia hata muke wangu.

Nusu ya kwanza ni hii. Mabomu yalianza upande wa Kibati na yakateremuka na barabara. Jamaa yangu walikuwa nyumbani. Mimi nilijifungia ndani ya depo, kwa sababu katika vita vyetu anayekuibia si adui, ni mupita njia. Vumbi lilikuwa linaanguka kutoka kwenye mabati kila kishindo. Kisha risasi zikakaribia, kisha zikanyamaza kidogo, na nikasikia mutu anagonga. Hakugonga na kitako cha bunduki. Aligonga na kiganja, kwa adabu, na ni hiyo adabu iliyonifanya nifungue.

Walikuwa waaskari wa serikali, kundi, wamechafuka, na mumoja ana kiatu kwenye muguu wa kuume tu. Aliyegonga alikuwa kaporali, mutu mufupi wa kutoka mbali kule magharibi, Kiswahili chake alikiokota jeshini.

"Papa, tunakuomba. Nguo ya raia. Chochote."

Niliwaingiza nikafunga. Walikaa chini katikati ya baloti zangu, na kaporali akaanza kusema bila mutu kumuuliza, kama redio iliyosahauliwa.

"Kule juu tulishikilia toka asubuhi. Tulikula viazi bichi, tunatoa udongo na bayoneti. Redio ya komanda ilikuwa inasema, shikilieni, shikilieni, musaada unakuja. Kisha ikanyamaza. Nikamutuma mumoja aende kumuona komanda. Akarudi anacheka. Unajua kicheko cha mutu ambaye anataka kulia? Akasema, kaporali, komanda alishapanda boti, hata chai yake kwenye kikombe ingali moto."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikakunywa ile chai, papa."

Wenzake walicheka, na mimi nikacheka. Nilimupenda mutu yule.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo hadithi yangu ya nganda na ukweli vinaachana. Kwenye nganda ninasema niliwavalisha wote, bila kuomba kitu, na ni kweli. Sisemi niliwavalisha nini. Jana yake tu nilikuwa nimekata baloti nzuri kuliko zote nilizopata mwaka ule: mashati ya miraba, majaketi ya ngozi, suruali za kitambaa, kila moja peke yake. Ilikuwa pale katikati ya depo, imefunguka. Niliposikia wanagonga, kabla sijafungua mulango, niliivutia turubai. Na walipoomba nguo, nilikaa juu yake. Nilikaa hivi, mikono kwenye magoti, kama mutu aliyechoka, nikaelekeza kidole kwenye rundo la zambarau.

"Chukueni zile. Zote mupya. Ninawapatia bure."

Walisimama wakazivaa haraka, juu ya fulana za jeshi. Suruali niliwatafutia zile za vitambaa vya zamani zilizobaki kwenye kona. Kaporali alivaa yake akaitazama, akawatazama wenzake, wote wamesimama kwenye mustari bila kuambiwa, zambarau na njano, zambarau na njano.

"Papa," akasema, "haina ingine? Maana tukivaa zote moja, si hii tena ni iniforme?"

Waaskari walicheka sana. Ni mimi tu sikucheka. Iliniuma kidogo. Nilisema moyoni: nimewafungulia mulango risasi zikipita, na huyu anachagua rangi. Nikamujibu kwa ukali:

"Vaa, bwana. Hapa si butiki."

Aliinama. "Limbisa, papa," akasema, ndiyo kuomba radhi kwa lugha yao. Walitoka kwa mulango wa nyuma, mumoja mumoja, na kila mumoja alinishika mukono na mikono yake miwili. Iniforme zao nilizitumbukiza chooni. Nilirudi nikaondoa turubai, nikahesabu majaketi yangu, na ninasema ukweli wa Mungu, nilikuwa na furaha mara mbili: nimeokoa watu, na lile rundo limepungua.

Muji ukatulia kwa namna yake. Umeme hakuna, maji hakuna, benki zimefungwa, watu wanashuka ziwani na mabidon ya njano alfajiri. Wenye muji wapya walizunguka wakitafuta waaskari waliojificha kati ya raia. Wengine walijitokeza wenyewe, wengine waliingia mitaani. Na nguo ya baloti ingeweza kuwaficha vizuri, kwa sababu ndiyo kazi yake, inamufanya mutu asifanane na mutu yeyote. Lakini si zangu. Sikuhitaji kuelezwa. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza, nikaona kijana anapita haraka upande wa pili wa barabara, zambarau na mustari wa njano, na watoto wa Birere wanamufuata wakipiga mabidon matupu na kuimba: "Iniforme! Iniforme!" Watoto tu, wanacheza. Alianza kukimbia. Nilisikia moto mbili, pikipiki za wenye muji wapya, zinawashwa.

Kijana yule sikumujua vizuri. Nadhani ni yule wa kiatu kimoja.

Niliingia ndani nikachukua zile zilizobaki, nikazifungia ndani ya gunia. Na nilipozifungia nikamukumbuka fundi. Siku ile hakuja kazini. Nikawaza kumutuma mutu, kisha nikawaza mutu ataniuliza kwa nini, na nikimuambia kwa nini, atamuambia mwingine. Nikasema nitamuambia mwenyewe kesho.

Asubuhi muke wake ndiye alikuja. Hakuwa na kitambaa kichwani.

"Papa, wamemukamata. Alishuka jana jioni kuteka maji, kulikuwa na baridi, alivaa ile pulovere yake. Mabidon watu wameniletea. Yeye hapana."

"Wamesema nini?"

"Wamesema ni muaskari. Fundi, muaskari! Hata kuku anachinjiwa na jirani. Papa, ile pulovere iko na nini?"

"Sijui, mama."

"Ni wewe ulimupatia."

"Ni nguo tu, mama. Ninapatia watu nguo nyingi."

Kisha akaniambia kitu ambacho nilistahili:

"Unasemaka kila siku unajua wakubwa wa kila serikali. Bon. Enda uwajue leo."

Nilivaa jaketi la ngozi, moja kutoka kwenye ile baloti nzuri, nikapanda moto. Nilikuwa nimeuliza nikaambiwa wanawaweka kwenye depo ya zamani ya saruji, njia ya kutoka muji. Njiani nilipanga maneno. Nimeshasema na wakubwa wa aina zote, ninajua kuingia, ninajua kucheka na wao, ninajua wakati wa kutoa mukono mufukoni. Niliwaza: itakuwa kama dwane, kama kulipa ushuru mupakani.

Mukubwa wa pale alikuwa kijana, mupole, buti zake safi. Aliniita muzee, akanipatia kiti cha plastiki.

"Unatafuta nani, muzee?"

"Fundi wangu wa kushona. Walimukamata ziwani, kwa makosa."

"Toka asubuhi hapa kila mutu ni fundi. Niko na mafundi wa kushona, mafundi wa saa, hata muganga wa meno niko naye." Akasimama. "Njoo umuonyeshe."

Tulitoka kwenye uwanja wa nyuma. Walikuwa wamekaa chini kwenye mawe meusi ya volkano, kwenye mistari, na mustari wa mbele wote ulikuwa zambarau. Nilijua nitaziona. Lakini kuziona pamoja namna ile, zimekaa sawasawa kama siku nilipozitoa kwenye baloti, kulinifanya nianze kuzihesabu. Mukubwa aliona ninatazama.

"Unaona maajabu haya, muzee? Watu wanatoroka jeshi moja wanaingia lingine. Tumewauliza nani aliwavalisha. Wewe unafanya kazi gani?"

"Ninauza nguo za baloti, Birere."

Sijui kwa nini nilisema. Ni mazoea, mimi huwa ninajitaja.

"Ah, basi unajua nguo. Hizi zinaweza kutoka wapi?"

"Baloti zinatoka kila mahali, mukubwa," nikasema. "Huwezi kujua."

Kaporali alikuwa wa tatu kwenye mustari. Jicho moja lilikuwa limevimba limefunga. Na lile lingine lilikuwa kwangu. Alikuwa amesikia Birere, amesikia baloti, amesikia sauti yangu. Nilingoja. Neno moja tu kutoka kwake na mimi ningevua jaketi langu la ngozi na kukaa pale kwenye mawe. Aliinamisha kichwa akaanza kutazama vidole vyake.

Fundi wangu nilimuonyesha. Alikuwa mwishoni, na kwenye pulovere yake huwezi kukosa ile sehemu aliyoziba. Wakamusimamisha.

"Huyu tu?" mukubwa akaniuliza. "Muzee, ninakuambia kama mutoto wako. Kama uko na mwingine hapa, mukwe, mufanyakazi, sijui nani, musemee leo. Tunaelewana leo. Kesho wakubwa wangu watakuwa hapa, hakutakuwa kuelewana."

Hapo ndipo nikasikia: "Papa."

Hakuisema kwa nguvu. Hakusema "papa wa Birere," hakusema "papa wa pulovere." Alisema papa, kama vile mutu yeyote anavyomuita mutu mukubwa. Angeweza kuwa anaomba maji. Ningeweza kusema: ndiyo, na yule mufupi pia, ananibebea baloti. Ni maneno machache, na nimeshadanganya serikali kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini niliwaza: nikisema wawili, ataniuliza vipi wawili wangu wote wako na zambarau. Niliwaza depo yangu. Niliwaza pia, na hili ndilo baya, kama wawili watanigharimu mara mbili.

"Ni huyu mumoja tu," nikasema.

Tuliingia ndani tukaongea bei. Na mimi nikapunguza. Mutu akiniambia bei, mudomo wangu unajibu wenyewe. Nilisema benki zimefungwa, nilisema nina watoto wa shule, nilisema biashara imekufa, nilimuchekesha mara mbili, akashuka, nikamuomba ashuke tena, akashuka tena. Nilitoka pale nikiwa na fundi na nikijisikia mwanaume.

Tulitembea mpaka barabarani kutafuta moto. Nilimuambia avue ile pulovere. Aliivua akaikunja vizuri, akaishika chini ya kwapa, anatetemeka kwa baridi. Nilimupatia jaketi langu. Alikataa.

"Walituuliza zinatoka wapi," akasema. "Walianza na yule kaporali mufupi. Alisema aliianua kwenye kamba ya mutu, usiku, mutaa haujui. Wakamupiga. Akasema kwenye kamba. Na wengine wote wakasema kwenye kamba. Yule mukubwa akacheka, anasema hiyo kamba ilikuwa ndefu namna gani."

"Na wewe?"

"Mimi nilijua toka nilipowaona. Si ni mikono yangu iliyoifumua ile ya kwanza? Nikasema niliokota." Akatembea kidogo. "Usiku alikuwa anatuambia tusiogope. Anasema, kuna papa mumoja huko mujini, mutu wa roho, alitufungulia mulango wakati kila mutu alifunga. Akijua tuko hapa atakuja."

Niliinua mukono kusimamisha moto, ikapita.

"Patroni, hukusikia alikuita?"

"Nani?"

"Basi," akasema fundi.

Kesho yake nilirudi. Nilikuwa na feza kwenye soksi, na kwenye mufuko nilikuwa na mashati ya miraba, moja kwa kila mutu niliyeweza kukumbuka, yote tofauti. Nilifika wakati watu wanakwenda misa. Mulango wa depo ya saruji ulikuwa wazi na mama mumoja alikuwa anafagia uwanja. Alisema malori yalikuja kabla ya jua, yakawapakia, yakaenda upande wa kaskazini. Nilimuuliza kama mutu mufupi mwenye jicho lililovimba alikuwa kati yao. Alinijibu kwa upole kwamba wote walikuwa wamevimba.

Nimeuliza barabara yote mpaka Kibati na kuipita. Nimeuliza madereva, mapadri, wale wanaouza makala. Hakuna anayejua. Mashati yale siwezi kuyauza, na siwezi kuyavaa. Fundi alihamisha mashine yake upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la simu. Hatukugombana. Ananisalimia kila asubuhi, na ananipunguzia suruali nikimuomba. Ila utani umekwisha, na hajaniambia tena patroni. Muke wake aliniletea kuku wa kunishukuru, na nilipomushika yule kuku miguu nilitaka ardhi ipasuke.

Kwenye nganda wananiuliza hadithi, na ninaitoa. Ninawaambia waaskari walivyogonga na kiganja, ninawaambia chai ya komanda, wanacheka. Kisha lazima mumoja aulize: na kumutoa fundi, papa, walikukata ngapi? Ninawajibu dola elfu mbili, bila kupepesa jicho, na wanapiga meza kwa kuniheshimu. Ukweli ni kwamba nilipunguza vizuri siku ile, nilipunguza kuliko siku zote za maisha yangu, na pamoja na moto ya kwenda na moto mbili za kurudi, ilinigharimu dola mia moja themanini na saba.